Ngoma ya Mvua: Mifano ya Muziki katika Mashairi ya Maumbile

Katika kila taifa la watu walio na mashairi, maumbile yamepewa sauti ya muziki. Upepo hupiga zumari, mvua hupiga ngoma, miti hucheza, na mawimbi huimba wala hayachoki. Washairi wa nchi mbalimbali, ambao hawakuonana wala hawakujuana, wamefuata njia hii moja. Na jambo litendwalo na watu wengi namna hii, bila ya kuagana, halikosi sababu. Katika insha hii nataka, msomaji, tuitafute sababu hiyo pamoja. Kwanza tutaitazama lugha yetu, kisha tutatazama mashairi ya pwani na ya Ulaya, na mwisho tutasimama Iguhu, katika nchi ya Waidakho huko Kakamega, tuupime mfano wa muziki kwa masikio yetu wenyewe.

Tuanze na lugha. Kwa Kiswahili mtoto hulia, ndege hulia, ngoma hulia na bunduki hulia. Neno moja hilo lachukua huzuni ya binadamu, wito wa kiumbe cha mwituni na sauti ya chombo. Upepo huvuma, bahari huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na sifa ya mtu huvuma mjini. Radi hupiga, wimbi hupiga, moyo hupiga, na mpiga ngoma hupiga. Neno ngoma lenyewe lina maana zaidi ya moja: ni chombo kilichowambwa ngozi, ni mchezo uchezwao kwa chombo hicho, na ni mkutano wa watu waliokuja kuucheza. Basi mtu asemapo kwa maneno ya kila siku ya kuwa upepo wavuma na radi imepiga, amekwisha kuyaweka maumbile na muziki katika nyumba moja, hata kabla hajajiita mshairi. Mshairi hakuuzua udugu huo. Aliukuta, akaupamba.

Mapambo hayo yana majina, na yakupasa kuyajua. Ukisema mvua ilianguka kama vidole vya mpiga ngoma, umetumia tashbihi, kwa kuwa umelinganisha vitu viwili na kuliacha neno la kulinganisha lionekane. Ukisema mvua ilikuwa ngoma ya usiku kucha, umetumia istiara, kwa kuwa umeliondoa neno la kulinganisha na kukifanya kitu kimoja kuwa kingine. Ukisema mvua ilituamsha, ikatuimbia, ikatuaga alfajiri, umetumia tashihisi, kwa kuwa umeipa mvua nia na adabu za mtu. Na ukisema mvua ilianguka pwa! pwa! pwa!, umetumia tanakali ya sauti, yaani neno linaloiga mlio wenyewe. Njia ni nne, lakini kazi yake ni moja: kumfanya mtu aliye mbali asikie kile ulichokisikia wewe.

Sasa tazama jinsi mambo haya yalivyokuwa katika mashairi ya pwani. Kwa Waswahili wa kale shairi na wimbo havikutengana. Utenzi uliimbwa mbele ya watu, na mtunzi alizipima silabi za kila mstari kama fundi apimavyo mbao. Silabi hizo huitwa mizani, na kwa kawaida kila kipande cha utenzi huwa na mizani nane. Mwisho wa kipande huja kina, yaani mlio unaorudi mahali pale pale, kama vile pigo la ngoma linavyorudi. Amri Abedi, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alishikilia ya kuwa shairi lisiloweza kuimbwa limepungukiwa na kitu cha asili yake. Wako waliombisha, na ubishi huo haujesha hata leo. Lakini hapana ambishiaye ya kuwa hivyo ndivyo ushairi wetu ulivyoanza. Kwa hiyo mshairi wa pwani aliposema bahari yaimba, alikuwa akiyasema hayo ndani ya wimbo. Chombo na habari vilikuwa kitu kimoja.

Tena washairi hao walijua ya kuwa muziki wa maumbile si furaha siku zote. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alitunga utenzi mashuhuri uitwao Al-Inkishafi, uliochapishwa London mwaka 1939. Humo aliyaonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yamejaa taa, wageni na mazungumzo, kisha akayaonyesha yakiwa magofu. Pale palipokuwa na sauti za watu sasa pana milio ya wadudu, na popo wamejitundika juu. Angalia ufundi wake. Hakuwaambia wasomaji wake ya kuwa mji ulikuwa kimya. Aliwasikilizisha kidudu kidogo, nasi twajua ya kuwa mlio wa kidudu hausikiki ila watu wameondoka. Sauti ndogo imekuwa kipimo cha ukimya mkubwa. Huo ni muziki wa kilio, na ni somo ambalo mshairi wa maumbile hana budi kulisoma mapema.

Nje ya nchi zetu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Katika Biblia nabii Isaya aliipa miti ya kondeni makofi ya kupiga na vilima sauti ya kuimba. Wayunani wa kale walidhani ya kuwa nyota na sayari, katika mwendo wake, hutoa muziki ambao masikio yetu hayawezi kuusikia. Mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza wengi walikuwa na chombo cha namna ya pekee, kinubi cha upepo: sanduku lenye nyuzi, likiwekwa dirishani, na upepo wenyewe ukazipiga nyuzi hizo bila ya mkono wa mtu. Mshairi Coleridge alitunga shairi juu ya kinubi hicho mwaka 1795, akauliza kama viumbe vyote vyenye uhai si vinubi vya namna hiyo. Mwaka 1819 Shelley aliuomba upepo wa magharibi umfanye yeye kuwa kinubi, kama ulivyoufanya msitu. Mwaka huo huo Keats, baada ya kutembea mashambani karibu na mji wa Winchester, alitunga shairi la majira ya vuli, akayahesabu yaliyosikika: visubi mtoni, kondoo vilimani, nyenje ugoni, na ndege waliokuwa wakikusanyika kwa safari.

Mashairi hayo ya Kiingereza yalisomwa sana katika shule za sekondari za Kenya wakati wa ukoloni na baadaye, nayo yanastahili kusomwa. Lakini yalileta hatari moja. Wanafunzi wengi walijifunza vitu vya Keats badala ya kujifunza njia yake. Kijana aliyelelewa penye mianzi na vyura aliandika habari za vinubi ambavyo hakupata kuviona, na habari za ndege nightingale ambaye hakumjua kwa sura wala kwa sauti. Jambo la ajabu ni kwamba ndege huyo, Ulaya kukiwa na baridi, huhamia Afrika, na wengine hufika mpaka vichaka vya Kenya. Hivyo mwanafunzi alimwazima kitabuni ndege ambaye labda alikuwa kichakani, asimtambue! Keats hakukosa, aliandika aliyoyasikia kwa masikio yake, katika mashamba aliyoyatembea kwa miguu yake. Amfuataye Keats sawasawa hufunga kitabu na kwenda kusikiliza mashamba ya kwao.

Twende basi Iguhu. Mahali hapa pako Ikolomani, kusini mwa mji wa Kakamega, penye vilima na mabonde, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Mto Yala wapita karibu. Upande wa mashariki uko msitu wa Kakamega, ambao wataalamu husema ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu mikubwa ya mvua itokayo Kongo. Na nyuma ya msitu zimesimama kuta za milima ya Nandi. Hewa yenye unyevu hutoka ziwa la Victoria na katika msitu wenyewe, jua la mchana huipasha moto, nayo hupanda, hupoa, na kuwa mawingu. Ndiyo sababu mvua ya huku huja aghalabu baada ya adhuhuri, pamoja na ngurumo, na mara nyingine mvua ya mawe. Asubuhi ni nyeupe, saa nane ni nyeusi. Mtu wa Iguhu hana haja ya kusoma vitabuni ya kuwa mbingu zina ngoma.

Msituni nako sauti ni nyingi. Alfajiri mbega hunguruma kwa kupokezana, kundi hili likianza na kundi lile likijibu. Hondohondo aliye mweusi kwa mweupe arukapo, mbawa zake huvuma kwa nguvu hata mtu aliye chini ya miti humsikia kabla hajamwona. Kulukulu mkubwa wa buluu ana mlio mzito usiolingana na uzuri wa manyoya yake. Jioni nyenje huanza, na baada ya mvua vyura hushika zamu: mmoja hutangulia, wa pili hufuata, kisha bwawa zima huitikia.

Na watu wa hapa, Waisukha na Waidakho, wana ngoma yao iitwayo isukuti. Ni ngoma tatu zipigwazo pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo husemwa ni baba, mama na mtoto. Hutobolewa katika gogo la mti na kuwambwa ngozi, kwa desturi ngozi ya kenge. Mpigaji huitundika begani, akaibana kwapani, akaipiga kwa mikono. Pamoja nazo huja pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi hutoa wimbo, wengine huitikia, na wachezaji hujipanga kwa safu, wanaume kwao na wanawake kwao. Isukuti huchezwa mtoto azaliwapo, katika jando, katika arusi, katika michezo, katika sikukuu za dini, na vilevile katika mazishi.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kidogo. Chukua mvua ya Iguhu na uipime kwa ngoma hizi tatu. Ngurumo ya mbali, itokayo pande za Nandi, ni ngoma kubwa: hupigwa mara chache, na pigo lake hukaa hewani. Mvua yenyewe shambani ni ngoma ya kati, yenye mwendo mmoja usiokatika. Matone yaangukayo kutoka ncha za majani ya migomba ni ngoma ndogo: ya haraka, ya utani, yenye kukatiza mwendo wa wakubwa. Mshairi akisema tu ya kuwa mvua ni ngoma, amesema kweli iliyokwisha chakaa. Akisema ya kuwa baba alitangulia mlimani, mama akafuata mashambani, na mtoto akabaki mgombani akicheza baada ya wazazi kunyamaza, amekuonyesha mwanzo, katikati na mwisho wa mvua katika sentensi moja. Kwa nini? Kwa sababu hakulinganisha sauti na sauti tu. Alilinganisha mpango na mpango. Mfano mzuri ni ule ambao viungo vyake vyote hufanya kazi.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Isukuti hulia arusini, na isukuti hulia mazishini. Basi ukisema mvua yapiga isukuti, ni isukuti ipi? Mvua ya mwezi wa Aprili juu ya mahindi machanga ni arusi. Mvua ya mawe juu ya mahindi yenye maua ni msiba, na mkulima asikiaye mapigo yake usiku ahesabu gunia moja moja likipotea. Mgeni angesikia kelele moja tu. Mwenyeji asikia mawili, naye mshairi mwenyeji hana budi kutuambia ni lipi. Hapo ngoma yetu yafaa kuliko kinubi cha kuazima; kinubi hicho mgeni hukijua kwa utamu tu, bali isukuti imekwisha kuonja utamu na uchungu wa watu hawa.

Sauti, msomaji, ina tarehe kama vita na tawala zilivyo na tarehe. Mfano wa mvua kupiga ngoma juu ya paa waonekana kuwa wa tangu na tangu; kumbe sivyo. Chini ya paa la nyasi mvua hunong'ona. Ni mabati ndiyo yaliyoifanya ipige. Kwa hiyo ukiona katika wimbo mvua ikipiga paa kama ngoma, umepata ushahidi mdogo wa historia: mtunzi alilala chini ya mabati. Vilevile mwaka 1931 dhahabu ilipatikana katika nchi ya Kakamega, wachimbaji wakaja kwa wingi, na mgodi wa Rosterman ukafanya kazi mpaka mwaka 1952. Kwa miaka hiyo mlio wa mitambo ulikuwa sehemu ya maumbile ya watu wa huko, kisha ukanyamaza. Mwanahistoria husoma barua na hesabu za serikali. Lakini akiwa na sikio zuri, husoma pia mifano ya washairi, kwa maana mtu hulinganisha asichokijua na kile akijuacho, na kwa mfano wake atuonyesha alichokuwa akikijua.

Karibu na hapo, huko Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu, uko mwamba mrefu wenye jiwe kama kichwa juu yake, na maji huteremka kifuani mwake. Watu huuita mwamba uliao. Sasa rudi kwenye neno lile la kwanza, kulia. Mwamba huu haufanyi kelele. Unalia kwa machozi. Ngoma haina machozi. Inalia kwa sauti. Lugha yetu imewapa wote wawili kitendo kimoja, na mshairi mwenye akili aweza kusimama katikati yao akautumia utata huo kwa faida. Aliyetangulia kuuita mwamba huo jina hilo hakuandika kitabu, lakini alitunga tashihisi ambayo imeishi kuliko vitabu vingi.

Basi mambo haya yana thamani gani leo? Yana thamani kwa sababu vitu vinavyotupa mifano vyaweza kwisha. Novemba 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiandika isukuti katika orodha ya mila zihitajizo kuokolewa upesi. Sababu zilitajwa: wengi wa waijuao ni wazee, nao hawana warithi, vifaa vya kuchongea ngoma na kushonea mavazi ni haba, watunzi wapendelea muziki uletao fedha, na watazamaji wamegeukia starehe nyingine. Msitu nao umepungua. Serikali iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini ikafanywa hifadhi ya taifa, lakini kuni, mbao, makaa na mashamba yameumega mwaka hata mwaka. Mambo haya mawili ni ndugu. Ngoma hutoka katika mti. Mringaringa, ambao Waluhya huuita mukomari, ni mmoja wa miti ifaayo kuchongwa ngoma. Mti usipopandwa, fundi hana gogo. Fundi asipokuwa na gogo, ngoma hailii. Na ngoma isipolia, mtoto atakayesoma shairi lisemalo mvua ni isukuti atauliza isukuti ni nini. Siku hiyo mfano utakuwa umekufa, hata kama karatasi ingali nzima.

Usidhani ya kuwa nakuambia uandike habari za kale tu. Okot p'Bitek wa Uganda alipotoa shairi lake refu la Lawino mwaka 1966, alilipa jina la wimbo, akatumia desturi za nyimbo za Waacholi kusema habari za maisha mapya ya wakati wake. Hakurudi nyuma, alichukua ngoma ya nyumbani akaenda nayo mbele. Wewe nawe waweza. Pikipiki ziendazo sokoni zina mlio, mashine ya kusaga mahindi ina mapigo, na redio ya jirani ni ndege wa aina yake. Sikiliza zote, kisha uchague.

Utakapokaa kutunga, yafuate haya machache. Sikiliza kwanza, andika baadaye. Taja chombo kwa jina lake. Usiseme muziki ikiwa waweza kusema pembe, njuga au ngoma ndogo. Tazama kama mfano wako wafaa kwa mlio, kwa mwendo na kwa hisia. Ukifaa kwa moja tu, tafuta mwingine. Usirundike mifano mitano juu ya wingu moja, maana ngoma nyingi zipigwazo pasipo kiongozi ni makelele. Na uache mahali pa ukimya, kama mshairi wa Pate alivyofanya, kwa sababu pigo lisilotanguliwa na ukimya halisikiki.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Wengi hudhani methali hii yahusu uwanja wa ngoma peke yake. Yahusu pia ukurasa. Mshairi atumiaye milio ya kwao hutunzwa mara mbili: wenyeji humtambua, na wageni hujifunza kwake jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kuwafundisha. Kesho mvua itakuja Iguhu, pengine saa nane, kama ilivyo ada yake. Ngoma kubwa itatangulia kule Nandi. Weka kalamu chini, usikilize.